Wageni wa Mwisho wa Claristine

Mtu akikuambia Claristine Melville alikuwa na maringo, mwambie mimi, Odessa, nimesema ni muongo mkubwa. Mimi ni jirani yake hapa Belle Anse, Tobago, tangu tukiwa wasichana wa shule, na namjua. Mdomo alikuwa nao, hilo sikatai. Hata mbwa wa mchungaji alikaripiwa naye. Lakini mgeni akishuka garini mbele ya nyumba yake, ukali wote unakwisha, na kabla hujavua viatu umeshawekewa mezani mchuzi wa kaa na madonge ya unga ya kuchemsha.

Nyumba yake ina vyumba viwili vya juu vinavyotazama baharini. Mumewe alipofariki, vyumba hivyo ndivyo vilivyowalea yeye na binti yake. Wageni walikuja kutoka Ulaya kukimbia baridi, wakalala milango wazi, wakaamshwa na harufu ya mkate wa nazi. Ufunguo wa chumba cha pili ulipotea zamani na hakuna aliyejisumbua kuutafuta.

Basi tukaanza kusikia mambo. Kwanza mjini huko: kijana kapigwa risasi, duka limevunjwa. Tukasema hayo ni ya mjini. Halafu ghuba ya jirani, watalii wawili wakavamiwa kwenye nyumba waliyopanga, wakafungwa kamba, wakaibiwa mpaka viatu. Mmoja alikatwa panga mkononi. Habari ilizunguka dunia nzima kabla polisi hawajamaliza kuandika maelezo. Kuanzia hapo simu ya Claristine ikawa hailii ila mtu anataka kusema haji tena. Wenye nyumba za wageni wakafunga, mmoja leo, mwingine kesho. Wale wezi, Mungu anisamehe, ningewatia mkononi ningewatwanga kama pilipili. Mpaka leo hawajakamatwa.

Msimu ule waliosema watakuja walikuwa Poul na Birthe peke yao, wazee wa Denmark, mtu na mkewe, ambao kila Januari walikuwa kwake, miaka nenda miaka rudi. Binti yake Claristine, anayeishi Trinidad, alishamwambia afunge nyumba ahamie kwake.

"Subiri," akamjibu. "Hawa wakikaa salama, wakirudi kwao watawaambia wenzao. Wakipatwa na jambo, nitafunga mwenyewe, hutanisikia nikibisha."

Roho yake yote ikawa juu ya wazee wale wawili.

Walifika wakakumbatiana pale uani mpaka kofia ya Poul ikaanguka.

"Clarry, watoto wetu wanasema tumerukwa na akili," Birthe alisema.

"Hao watoto walete kwangu niwachape!"

Tukacheka. Lakini mimi nina macho. Nilimwona Poul anapanda juu, anaushika mlango wa chumba, anatafuta pa kufungia.

Jioni Claristine akamwita kaka yake, Ethelbert, mvuvi na mkulima, mtu mkubwa wa mwili na mpole hata kuku wanamwonea. Nilikuwepo, nachambua mbaazi.

"Kesho wanakwenda kwenye maporomoko ya maji," akamwambia. "Wafuate nyuma, ila wasikuone."

"Kwa nini wasinione? Si nitembee nao tu, tupige soga?"

"Ukitembea nao watajiuliza wanalindwa dhidi ya nini. Watapata hofu. Hebu tumia kichwa, kaka!"

"Haya, mkuu wa polisi. Nimesikia."

Nikacheka hadi mbaazi zikamwagika. Sikuona kasoro yoyote, na Claristine naye hakuiona.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Ethelbert akavaa koti la mvua, akavuta kofia yake mpaka machoni, akachukua panga akatoka. Sasa panga, jamani, nani kwetu anaingia msituni bila panga? Mwanamume wa Belle Anse ukimkuta njiani hana panga utamuuliza kama anaumwa. Unafyekea njia, unapasulia nazi, unakatia mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Sisi watatu tulikuwa uani pale, tunalitazama, na hakuna aliyeliona.

Yaliyofuata alitusimulia Ethelbert mwenyewe, analia. Birthe aligeuka, yeye akajibanza nyuma ya mianzi, kama alivyoagizwa. Birthe akageuka tena, akaona mtu wa kofia anajificha na panga mkononi. Akapiga ukelele. Wakakimbia, wazee wa watu, juu ya mawe ya mtoni yanayoteleza, Poul akaanguka. Ethelbert akatoka mbio kwenda kumwinua, panga bado mkononi.

"Birthe! Mimi! Ethelbert!"

Birthe akamrushia mkoba usoni. "Chukua! Chukua vyote, usituue!"

Samaki wote Birthe aliokula hapa kwetu wamevuliwa na Ethelbert. Mjukuu wake kafundishwa kuogelea na Ethelbert. Alimtazama usoni, na hakumjua. Hapo ndipo ninapochomwa mpaka leo.

Ethelbert akalitupa panga mtoni, akambeba Poul mgongoni mpaka barabarani. Birthe alikuwa ameshamtambua, anakuja nyuma yake analia, anaomba radhi njia nzima. Mfupa wa paja la Poul ulikuwa umevunjika.

Kesho yake Ethelbert akarudi mtoni kuutafuta ule mkoba, akaupata kati ya mawe, umelowa chapachapa. Claristine akaukausha karibu na jiko, kitu kimoja kimoja, hata pasi za kusafiria. Kisha tukavaa nguo za kanisani, sote watatu, tukaenda hospitali mjini na chupa ya kakao ya moto.

Tulilia, tukasameheana. Poul, na maumivu yake yale, akasema, "Ethelbert, mgongo wako ni mlaini kuliko kitanda hiki."

"Mwakani nitamfunga kengele shingoni kama mbuzi," Claristine akasema, "mumsikie akija!"

"Mwakani, ndiyo," Birthe akasema, akacheka kwelikweli. Claristine akanigusa mguu wangu chini ya kiti. Uso wake ulikuwa umefunguka, sikuwa nimeuona hivyo tangu mkasa wa ghuba ya jirani.

Ndipo Ethelbert akautoa mkoba, akaushika kwa mikono miwili, akampa.

"Asante sana, Ethelbert," Birthe akasema, akamshika shavu. Akauweka mkoba mapajani. Akafungua zipu, akachungulia ndani. Akapekua mfuko huu, akaenda mfuko ule, taratibu, huku bado anazungumza nasi. Alipoinua kichwa akakuta tunamtazama. Akawa mwekundu mpaka shingoni, akafunga zipu haraka.

Ethelbert alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kunywa kakao, mama, isipoe," Claristine akasema, akammiminia mpaka ukingoni.

Tulipotoka, kabla hata basi halijaja, akampigia binti yake simu.

"Njoo unisaidie kufunga nyumba," alisema.

Ethelbert akashtuka. "Si wamesema mwakani watarudi?"

"Wamesema," Claristine akajibu.