Dole Gumba la Kushoto

Andika kwa Kiswahili kilichonyooka, mjukuu wangu, si kile mnachoandikiana kwenye simu. Nisiyoyasema mimi yasiwemo, na nikinyamaza usijaze.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, baridi ilipokuwa inaanza kuuma asubuhi, wenyeji wa Johannesburg walikuwa wakijiandaa kuchagua madiwani wa kata zao. Sisi tulikuwa tunaishi Turffontein, katika vyumba viwili vya uani, nyumbani kwa mwanamke mmoja Mzulu ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi. Nilikuwa nalingana naye kwa umri, lakini nami nilimwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Gogo wa Uani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa sababu hiyo tulipatana.

Kila nguzo ya umeme ilikuwa na uso wa mgombea. Mmoja wao aliahidi kusafisha barabara, na kila mgeni aliyekuwa akiuza kitu kando ya barabara alielewa kwamba takataka zenyewe ni yeye. Mwingine alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyong'aa. Alipita nyumba kwa nyumba, na Jumamosi moja akabisha kwetu uani.

"Mama, naomba kura yako," akasema.

"Mwanangu, kura hatuna. Chai ipo."

Akacheka, akakaa, akanywa. Aliisifu tangawizi yangu, akaaga, akaenda zake. Sikuona ubaya wa kumkaribisha mtu aliyebisha hodi mlangoni pangu, na leo pia sioni. Lakini mtaa ulihesabu kikombe kile.

Wiki ya uchaguzi ndiyo iliyokuwa wiki ya arusi yetu. Dada yako mkubwa alikuwa anaolewa Jumamosi, na uchaguzi ulikuwa Jumatano. Mama yako alinishauri tusogeze arusi hadi mambo yatulie. Nilimwambia kwamba tumekaa katika nchi hii kwa miaka mingi tukingoja mambo yatulie, na kama tungeyangojea, watoto wote wangezeeka bila kuolewa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini. Huko kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, kazi yangu tangu ujana ilikuwa kupamba maarusi kwa hina na piko. Hina ni nyekundu na haina matata. Piko ni unga mweusi unaokorogwa kwa maji, na kila unga una tabia yake: mwingine haushiki kabisa, mwingine unaunguza ngozi hadi malengelenge. Kwa hiyo mpambaji anayejiheshimu hampaki bibi arusi kabla ya kuonja rangi. Kuonja ni kupaka ukucha mmoja, pamoja na ukingo mdogo wa nyama, kisha kungoja siku nzima. Na ukucha unaoonjewa ni wa dole gumba la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu.

Unga wa arusi ile niliununua Fordsburg kwa mfanyabiashara nisiyemzoea. Basi Jumanne alasiri nilimwonjea dada yako, nikamwonjea mama yako, na mimi mwenyewe nikajipaka. Asubuhi ya Jumatano kucha tatu zilikuwa nyeusi tititi, na ngozi haikuwasha. Nilimshukuru Mungu.

Kwamba wapiga kura wa hapa huchorwa wino kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto, hakuna aliyelijua nyumbani kwetu. Huko Bujumbura niliwaona watu wakichovya kidole ndani ya chupa. Hapa, kila siku ya uchaguzi ilipofika, sisi tulifunga mlango tukakaa kimya. Tungejulia wapi?

Siku hiyo kazi zilifungwa. Gogo alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, akaenda kupanga foleni kwenye shule ya jirani tangu mapambazuko. Dada yako nilimtuma mkate na maziwa katika duka la kona. Alipokuwa analipa kwa mkono wa kulia, amekumbatia mkate kwa wa kushoto, kijana mmoja aliyevaa fulana ya chama cha yule msafisha barabara akamwona ukucha. Akamsemesha Kizulu cha haraka, dada yako asiyashike maneno.

"Dada, naona umeshapiga kura?"

Dada yako akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Sharp," neno la vijana wa hapa la kusema sawa.

Usimcheke. Hilo tulimfundisha sisi. Mwaka wa elfu mbili na nane, nyumba za wageni zilipochomwa na sisi tukakimbilia kituo cha polisi na magodoro kichwani, tuliwaambia watoto: mwanamume akikusemesha barabarani, tabasamu, kubali, tembea. Usitoe sauti yako ikasikika ni ya wapi. Alifanya alivyofunzwa.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake dukani alimfahamu. "Eish! Huyu si wa uani kwa Gogo? Wale wa Kiswahili?"

"Makwerekwere?" kijana akauliza. Ni jina wanalotuitia wanapotaka kututukana. "Makwerekwere wanapiga kura?"

"Ndiyo maana yule mgombea alikunywa chai kwao!"

Dada yako aliacha maziwa kaunta, akakimbia. Alipoingia uani alikuwa hana rangi usoni, na kabla hajamaliza kueleza, mama yako alikwisha kumshika mkono na kuutia kwenye beseni la dawa ya kufulia. Alipoona rangi haitoki, akachukua wembe, akaanza kuukwangua ukucha.

"Acha," nikamwambia.

"Mama, wakija wakaukuta—"

"Wakija wakaukuta umekwanguliwa watasema nini? Weka wembe chini."

Akauweka. Lakini ukucha ulikuwa umeshapata mikwaruzo miwili, na damu ilianza kujichora pembeni. Nje kwenye geti sauti zilikuwa zinaongezeka. Hazikuwa za watu wengi mno; hata hivyo, mwaka wa elfu mbili na nane nao haukuanza na watu wengi. Nilijua tunachoweza kupoteza. Wakimpeleka polisi kwa kosa la kupiga kura isiyo yake, kibali chake cha ukimbizi kingeingia mashakani, na wasipompeleka polisi ilikuwa mbaya zaidi. Baba yako alikuwa kazini, analinda jengo la watu mjini. Tulikuwa wanawake watatu, na wewe ulikuwa chini ya kitanda, mahali nilipokuweka.

Gogo akarudi kutoka kupiga kura wakati huo huo. Nilimwona akiwapita watu wa getini, wakimsemesha wote kwa pamoja, naye asimjibu mtu. Akafungua geti kwa ufunguo wake, akalifunga tena nyuma yake, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu. Hakutusalimu. Akamshika dada yako mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Umefanya nini, mtoto?"

Dada yako alikuwa analia tu. Gogo akanyoosha dole gumba lake karibu na la dada yako. Wino wake ulikuwa mstari mpya ulioshuka kutoka kwenye ukucha hadi kwenye nyama. Wa dada yako ulikuwa umejaa ukucha mzima, umekwaruzwa, umelowa damu. Kwa jicho la mtu aliyekwisha kukasirika, vilikuwa kitu kimoja.

"Gogo wa Uani," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimezaliwa katika nchi hii. Nilifika umri wa kuwa na wajukuu ndipo niliporuhusiwa kushika karatasi ya kura. Kaka yangu hakuwahi kuishika. Kama mmeigusa kura yangu, mtatoka leo, na geti nitawafungulia mimi mwenyewe."

Kizulu changu ni cha sokoni, lakini neno kwa neno nilimwelewa. Na sikumlaumu. Ningekuwa yeye, nami ningesema hivyo hivyo.

Nikamwambia kwamba ile ni rangi ya arusi. Akasema, "Rangi ya arusi kidole kimoja?" Nikamwonyesha changu, nikamwonyesha cha mama yako. Hapo nikaharibu, maana watu wa getini waliona mikono ikiinuliwa, na yule kijana akapaza sauti: "Mnaona? Watatu! Nyumba nzima imepiga!"

Jiwe moja likatua juu ya bati.

Basi nikaingia ndani, nikatoa kibakuli cha piko iliyobaki, nikaweka kigoda katikati ya uani, palipoonekana vizuri kutoka getini. "Gogo," nikasema, "kaa hapa. Nipe dole gumba lako la kulia. Nitakupaka hii mbele ya macho yao wote. Ikitoka nyeusi kama ya mtoto, utajua. Isipotoka, tutaondoka wenyewe, hutafungua geti."

Mama yako akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mama, piko ya jana hiyo. Na mikono yake imefua miaka yote. Isiposhika?"

"Nyamaza, lete kitambaa."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Piko iliyolala hupungua nguvu, na ukucha uliokwisha kwa sabuni ni mgumu kushika rangi. Hilo nililijua kuliko yeye. Sikuwa na jambo jingine mkononi.

Gogo akavua koti lake la kanisani, akalikunja, akalilaza magotini, akakaa. Nikampaka. Nilipaka polepole waone, wasiseme nafanya uchawi. Piko ikipakwa ni kijivu kama tope la mtoni, haionyeshi kitu. Ni lazima ingoje.

Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo tena. Jua lilitambaa kutoka kwenye beseni mpaka miguuni pa Gogo. Watu wa getini wengine waliondoka kwenda kupanga foleni, wengine wapya wakaja badala yao, wakiulizana kuna nini, wakiambiwa kila mmoja hadithi yake. Mwanamke wa dukani akapiga kelele, "Gogo, wanakupaka dawa ya kukufanya usahau kodi!" Watu wakacheka. Gogo hakucheka. Kijana wa fulana alikuwa anatikisa geti kidogo kidogo, kama mtu anayepima uzito wake.

"Bado?" Gogo akauliza.

"Bado."

Baada ya muda akauliza tena, nami nikamjibu vile vile. Kama ningekubali kuikwangua mapema, ingetoka hudhurungi, na hudhurungi ingetufukuza. Dada yako alikuwa amesimama nyuma yangu, ameficha mkono ndani ya khanga. Nikamwambia autoe nje. Akautoa.

Tope lilipoanza kupasuka lenyewe, nikachukua kitambaa chenye mafuta, nikaufuta ukucha wa Gogo taratibu. Nilipoondoa kitambaa, mwanzoni sikuweza kutazama. Nilitazama uso wake kwanza.

Gogo alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya miwani. Kushoto, wino wa kura. Kulia, piko yangu: si nyeusi tititi kama ya mtoto, lakini nyeusi. Akaisugua kwa mate. Akaisugua kwa pindo la sketi. Haikutoka.

Akainuka polepole, akaenda getini, akatoa madole gumba yote mawili kwenye nondo.

"Haya. Mimi nimepiga kura mara mbili. Nikamateni."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa. Mwanamke wa dukani akataka kushika ukucha. Gogo akamwachia ashike. Kijana peke yake hakucheka.

"Gogo, wamekununua hawa."

"Wewe," Gogo akamwambia, "mimi nilisimama foleni ya kura ya kwanza siku nzima, mama yako yuko nyuma yangu amekubeba mgongoni, na ulinikojolea begi. Nenda nyumbani. Na ukimwona mama yako mwambie nitapita."

Akaenda. Lakini alipofika kona, kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, aligeuka akaitazama nyumba yetu kwa muda mrefu. Mtazamo ule sikuusahau, na kwa miezi kadhaa baba yako hakuruhusu dada yako atembee peke yake mpaka saluni alikokuwa akifanya kazi.

Gogo aliporudi uani hakutuomba radhi, nami sikumngojea afanye hivyo. Alisema tu kwamba Jumamosi hataki ngoma, kwa kuwa mtaa bado una joto. Nikamkubalia. Dada yako aliolewa bila ngoma, kwa dua na pilau, na vigelegele tulivitoa tukiwa tumefunga madirisha. Alikuwa amepambwa mikono yote mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameniomba lile dole gumba niliache tupu. Nikakataa. Nikalipaka mara ya pili, juu ya mikwaruzo.

Yule aliyekunywa chai yetu alishindwa. Aliyeshinda alisafisha barabara kidogo, kisha akachoka.

Gogo alikaa na madole gumba yake mawili meusi mpaka kucha zilipokua, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba la kushoto ni la diwani na la kulia ni la bibi arusi. Nami siku ile ile ya kura, kabla ya sala ya alasiri, nilikutoa chini ya kitanda, nikamwita na dada yako, nikafuta lile somo tulilowapa mwaka wa elfu mbili na nane. Msikubali kwa kichwa neno msilolielewa. Simameni, ulizeni, sauti yenu isikike ni ya wapi. Dada yako aliniuliza, "Na wakitupiga, Bibi?"

Nilimwambia watatupiga hata tukitabasamu.