Mkanda wa Vidole kwenye Ukuta wa Mama

Wakati wetu hakuna aliyefundishwa kupamba nyumba ndogo, kwa sababu nyumba zote zilikuwa ndogo. Sisi tuliokulia Mwembesongo, Morogoro, watoto watano na wazazi wawili kwenye vyumba viwili na sebule, tulilala mzungu wa nne na asubuhi godoro likakunjwa, likafunikwa kitambaa, likawa kiti cha wageni. Leo mtu anakunja godoro vilevile, anapiga picha, anaandika kwamba ni ubunifu. Nikiziona picha hizo kwenye simu huwa nacheka kwanza, halafu nakasirika.

Mwaka huu sijacheka. Nitaeleza kwa nini, lakini niacheni kwanza niseme nyumba ya mama ilivyokuwa.

Pazia la mlango wa chumbani lilikuwa la vifuniko vya soda. Tuliviokota sisi wenyewe sokoni, tukavigonga kwa jiwe vikakumbatia uzi wa nailoni, na kila mtu akipita vililia chekechekeche, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeweza kuingia kuiba sukari. Kwenye makochi ya mbao palitandikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, vilivyotiwa wanga vikasimama, na mtoto akivikalia alijua atakachokipata. Chupa ya dawa ya kifua ilioshwa ikawekwa maua ya plastiki. Chini kulikuwa na mkeka wa ukindu uliotoka Kisaki, ambao baba aliutandaza siku za wageni tu, na ukutani kalenda za miaka mitatu iliyopita, kwa sababu picha zake zilikuwa bado nzuri. Nyumba ilinukia mafuta ya taa, ndizi mbivu na sabuni ya mche.

Ila pambo kubwa kuliko yote lilikuwa mkanda. Majirani wa mjini hawakuwa nao, na wengine walitucheka. Mama alizaliwa juu huko milimani, ng'ambo ya Matombo, kwenye nyumba za udongo zisizo na madirisha ya maana. Moto unawaka katikati, moshi umejaa, mtu haoni hata mkono wake. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa anaviringisha udongo mbichi mrefu kama kamba, anaubandika ukutani usawa wa kiuno kutoka kitandani mpaka mlangoni, kisha anaubonyeza kwa vidole vitatu vitatu mwanzo hadi mwisho. Ukiamka na macho yamejaa moshi unaweka mkono ukutani, unafuata vidole, unajikuta nje. Akimaliza aliupaka udongo mweupe, ukapendeza. Mama alisema nyumba nayo inafungwa mkanda.

Baba alipopata saruji ya kupiga lipu sebule yetu, mama alimwambia fundi aweke mkanda. Fundi akamwambia, "Mama, hii ni lipu ya kisasa, hayo ya kwenu milimani tuyaache hukohuko." Mama hakubishana naye. Alimwekea chai na mihogo, na fundi alipokaa kunywa, akatuita watoto wote. Alichota saruji kwenye karai, akaibandika mwenyewe ukutani, akatupanga kwa umri. Kila mmoja akapewa kipande chake cha kubonyeza. Mimi Mwajuma, mkubwa wao, nilianzia kwenye mlango wa chumba cha mama. Nakumbuka ubaridi wa ile saruji na jinsi ilivyoniwasha kwenye kucha siku mbili nzima. Mwisho kabisa, pembeni ya mlango wa nje, ilikuwa zamu ya Shabani, mdogo wetu, aliyekuwa na miaka mitatu. Mkono wake haukufika vizuri, baba akambeba. Alibonyeza mara tatu, akalamba vidole, akalia, na baba akamkimbiza kwenye ndoo kumsukutua mdomo huku sisi tunacheka. Fundi aliporudi na chai yake, akamalizia lipu akiukwepa mkanda.

Basi mkanda ule ulidumu miaka yote. Rangi za ukuta zilibadilika, krimu, kijani, bluu ya bahari, lakini chini ya rangi vidole vyetu vilikuwepo. Baba alipofariki vilikuwepo. Na macho ya mama yalipoanza kuondoka kwa presha ya macho, mpaka sasa anaona mwanga wa dirisha tu, vidole vile ndivyo vilivyomtembeza. Anaishi na binti wa kumsaidia anayekuja mchana, lakini ndani ya nyumba yake hashikwi mkono na mtu. Mkono wa kushoto ukutani, kanga begani, anakwenda. Ukimshika anautoa mkono wako. Siku moja aliniambia, "Mwajuma, nje nashikwa kwa sababu barabara si yangu. Humu ndani ni kwangu."

Sasa tuje kwa Zainabu. Zainabu ni binti wa mdogo wangu wa kike wa mwisho, yule aliyezaliwa baada ya mkanda kubandikwa, na kwetu Waluguru mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, kwa hiyo nikimsema simsemi mtoto wa watu. Anakaa Dar, na kazi yake ni kupamba nyumba ndogo kwa bajeti ndogo. Ndivyo anavyoandika. Anachukua chumba kimoja cha mtu, anapaka rangi ya jivu, anabandika kioo kikubwa ili chumba kionekane viwili, anageuza kreti za soda kuwa meza, anazungusha taa za mkanda darini, na anapigilia ungo ukutani. Ungo! Chombo cha kupepetea mchele kinatobolewa msumari katikati, kinapakwa rangi ya dhahabu, halafu mwenye nyumba anakwenda dukani kununua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Wanaita asili. Mimi naita dharau.

Mama alikwenda Mkuyuni wiki mbili, kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake. Zainabu akanipigia simu huku Kihonda. "Mama mkubwa, shikamoo. Nataka nimfanyie bibi sapraizi, pale sebuleni kwake pamechoka." Nikamwitikia, marahaba. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, nikamjibu, fanyeni mnavyoona. Maneno mawili tu, na nusu ya hasira yangu ya leo ni kwa hayo niliyoyasema mwenyewe.

Siku mama anarudi nilitangulia nyumbani. Nikafungua mlango nikadhani nimekosea nyumba. Ukuta wa jivu, laini kama sahani. Makochi ya baba yametolewa, pameletwa vigoda vya sponji vilivyo chini kabisa. Pazia la vifuniko halipo. Nyasi za plastiki kwenye sakafu, kana kwamba Morogoro imepungukiwa nyasi. Nikapeleka mkono ukutani usawa wa kiuno, sikugusa kitu. Nikamuuliza Zainabu mkanda uko wapi.

"Ule mkunjo?" akasema kwa furaha. "Fundi aliusaga kwa mashine, mama mkubwa, akapiga skimu juu yake, ukuta ukawa laini. Chumba kidogo hakitaki vitu vimejitokeza ukutani, kinataka kipumue."

Sijui nilimjibu nini. Najua nilimpandishia sauti yule mtoto, ingawa nia yake ilikuwa njema na hakuna aliyewahi kumweleza. Hapo bodaboda iliyomleta mama ikasimama nje.

Mama aliingia kwa heshima zote, akapokea shikamoo zetu, akasema nyumba inanukia rangi. Akaelekea chumbani kwake kuweka kanga, akifuata sauti ya binti wa kumsaidia aliyetangulia na mizigo. Alipotaka kurudi sebuleni, akaweka mkono wa kushoto ukutani kama alivyozoea, na mkono ukateleza. Akaurudisha juu, akaushusha chini, akapapasa kama mtu aliyedondosha sindano. Akapiga hatua mbili, akajigonga kwenye meza ya kreti za soda, akasimama katikati ya sebule yake na mikono mbele.

"Mwajuma," akaniita polepole. "Mlango mmeuhamishia wapi?"

Sijawahi kuchukia rangi ya jivu kama siku ile. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile hakuutoa mkono wangu. Nikamkalisha kwenye kigoda cha sponji, magoti yakamfika kifuani. Zainabu alikuwa ameshaelewa, analia bila sauti pale kwenye kioo chake kikubwa, kwa hiyo walikuwa wawili wanaolia.

Kesho yake nilimwambia Zainabu avue pete na kucha zile za kubandika. Tukachanganya saruji na mchanga kwenye karai, tukakwangua skimu yake ya thamani usawa wa kiuno ili saruji ishike, tukaanza kubandika. Alipata shida mwanzoni, saruji ilimdondokea miguuni, lakini kufikia saa sita alikuwa anabonyeza vidole vitatu vitatu sawasawa kuliko mimi. Mama aliketi mlangoni kwenye kochi la baba, tulilokuwa tumelirudisha, akitusikiliza. Kila tukimaliza kipande anaomba agusishwe, anaitikia kwa kichwa, anasema endeleeni.

Tulipofika pembeni ya mlango wa nje akanyanyua mkono. "Hapo paacheni."

"Bibi, si utaukosa mlango?" Zainabu akauliza.

"Sitaukosa."

Zainabu akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshakumbuka, nikakaa chini na saruji yangu. Shabani hakuimaliza masika iliyofuata. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa. Picha hatukumpiga, enzi zile picha ilipigwa siku ya Idd mtoto akishakua kidogo, na Idd yake haikumkuta. Nguo zake walipewa watoto wa jirani. Mimi dada yake nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwa amebaki pale ukutani, na kwamba mama, kila alipotoka nje miaka yote hii, alikuwa anampitia.

Siku hizi watoto wanapigwa picha tangu wakiwa tumboni, simu zinajaa, zinafutwa, zinajaa tena. Sisi tulikuwa na vidole vitatu kwenye saruji, na tulimruhusu mtu na mashine yake avisage asubuhi moja ili chumba kipumue. Zainabu ameacha kupigilia nyungo. Anawauliza wenye nyumba kwanza, kitu hiki nani alikiweka, na ananiambia kazi sasa inakwenda polepole. Nikamwambia iende hivyohivyo.

Nikienda kumsalimia mama namkuta anatembea mwenyewe. Mkono wake unapita kwenye vidole vyangu vya uzeeni, unapita kwenye vya Zainabu, halafu unafika pale palipo laini na unasimama. Anakaa hapo kidogo. Kisha anatoka nje.