Kipande cha Shati la Ozella Mazyck

Ozella Mazyck hakuzaliwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo alianza na vile ambavyo wenzake walivitupa. Matairi kwanza, kisha betri, kisha pikapu nzima nzima zilizoachwa zioze nyuma ya nyumba za watu huko pwani ya South Carolina. Alipofika umri wa kuitwa bibi, uwanja wake kando ya barabara ulijaa magari yaliyopona mikononi mwake, na hakuna mtu wa kaunti ile aliyewahi kutamba kwamba alimpunja.

Klabu ya uwindaji ya Cypress Fork nayo aliiingia kwa mapatano. Mumewe Ambrose, alipokuwa hai, alikuwa mwanachama, na yeye Ozella ndiye aliyepika wali na maini siku za msako. Ambrose alipofariki, wanaume walikuja kumweleza kwa upole kwamba jiko bado ni lake, asijione mgeni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza gari la kubebea mbwa linaendeleaje. Gari la mbwa lilikuwa limekufa injini.

"Injini ninayo," akasema. "Jiko sitaki. Nataka lindo."

Lindo ni pale mwindaji anaposimama na bunduki yake akingoja mbwa wamfurushe kulungu kutoka kinamasini. Walimpa lindo bovu kuliko yote, kwenye tope na mbu. Akalipokea bila kunung'unika, akalitumia vizuri kuliko wenye malindo makavu, na baada ya misimu kadhaa wakajikuta wamemchagua kuwa mkuu wa msako. Shemeji yake Lucius, mdogo wa Ambrose, mpaka leo husema hakumbuki ni lini hasa kura ilipigwa.

Kule watu huwinda kwa marisaa: kila ganda la risasi lina konzi ya goroli ndogo, na zote hutoka kwa mlipuko mmoja. Wenye kudharau husema ni silaha ya mvivu asiyejua kulenga. Ozella alikuwa na jibu fupi. Katika kichaka kile mbwa wanakimbia, watu wamesimama pande zote, na ng'ambo ya misonobari kuna nyumba na barabara. Risasi moja ya bunduki ya masafa hufika mbali kuliko macho ya aliyeipiga. Marisaa huishia vichakani. Lakini kwa sababu hiyohiyo huchoka mapema, na hapo ndipo alipotofautiana na wanaume wa klabu.

Mwaka wake wa kwanza wa ukuu alileta shuka kuukuu la kitandani, akalitundika kati ya miti miwili, akamwita kila mwanachama alipige kutoka mahali anapoamini kulungu anakufa. Shuka la karibu lilitoboka tundu lililoenea kama sinia. Akarudi nyuma, akatundika shuka jingine. La mbali lilikuwa na vitobo vya hapa na pale, na katikati palibaki nafasi nzima isiyoguswa.

"Kulungu anapita hapo na mizigo yake," Ozella akasema. "Halafu goroli moja inamvunja taya, mwingine anachukua ya tumboni. Anakwenda kufa kinamasini peke yake baada ya siku mbili. Nani kala?"

"Ah, Bi Ozella, mimi nimewaangusha wa mbali zaidi ya hapo," akasema Lucius.

"Umewaangusha wangapi, shemeji, na umewaacha wangapi? Unahesabu mfuko mmoja tu."

Akapima kwa kamba ndefu umbali ambao shuka lilikuwa bado linatoboka vizuri, akafunga fundo, na kuanzia siku hiyo kila lindo likazungukwa na vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye miti pale fundo lilipofika. Kulungu akiwa nje ya kitambaa, unamwangalia, unamsalimia, anakwenda zake.

Sheria bila adhabu ni maneno matupu, na adhabu alikuwa nayo tayari. Desturi ya wawindaji wa kule tangu zamani ni kwamba aliyepiga akakosa hukatwa pindo la shati mbele ya wenzake, na kipande kupigiliwa ukutani mwa banda la klabu na jina lake. Ozella aliuona mwanya wa desturi ile mapema, kama anavyoona kutu chini ya rangi mpya. Tone moja la damu lilitosha kuokoa shati. Mtu angepiga kwa mbali, akapekua majani mpaka apate damu, akarudi akitamba, "Sikukosa mie!" na shati lake likabaki zima hata kama kulungu hakuonekana tena. Akageuza mambo. Aliyekosa ndani ya kitambaa alichekwa tu. Aliyepiga nje ya kitambaa alikatwa shati, hata kama kulungu kafa palepale.

Walilalamika msimu mzima. Lucius alipoteza mashati mawili. Kisha kulungu waliopotea na majeraha wakapungua, nyama ikaongezeka, na malalamiko yakaisha yenyewe.

Ndipo ardhi waliyowindia ikauzwa. Mmiliki mpya alikuwa daktari wa meno kutoka mjini, Daktari Holcombe, mtu wa adabu, mwindaji mwenyewe lakini wa bunduki ya masafa na wa kungoja kwa subira juu ya mti. Majira ya kwanza ya baridi alimkuta kulungu jike kando ya bwawa lake, taya limening'inia, amekonda mbavu nje. Akammaliza mwenyewe. Kesho yake alifika uwanjani kwa Ozella, kofia mkononi.

"Bi Mazyck, sitaki ugomvi. Ila marisaa na mbwa, kwenye ardhi yangu, basi."

Klabu haikuwa na mahali pengine. Kinamasi kile kikiondoka, mbwa wangeuzwa, banda lingeoza, na watu waliokutana pale tangu enzi za babu zao wangebaki kusalimiana misibani. Ozella alijua hayo yote na hakulitaja hata moja, maana humuuzii mtu kwa kumlilia.

"Yule jike sijui kapigwa na nani," akasema. "Inawezekana wa kwetu, inawezekana wa jirani. Ila unasema kweli, Daktari. Marisaa ya mbali ni ukatili. Mimi mwenyewe nayakataa."

Daktari alikuja amejiandaa kubishana, si kukubaliwa.

"Njoo Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani," Ozella akaendelea. "Simama na mimi kwenye lindo langu. Kulungu yeyote akiondoka na jeraha tukampoteza, au mtu wetu yeyote akipiga nje ya kitambaa, tunafungasha na mbwa wetu. Tusipokosea, tunabaki kama tulivyo."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

Wakapeana mikono juu ya boneti ya pikapu.

Jumamosi ile baridi ilikuwa kavu na mbwa walinusa vizuri. Ozella alivaa shati lake la cheki jekundu, zawadi ya mwisho ya Ambrose, chini ya kizibao cha rangi ya machungwa. Daktari alisimama nyuma yake bila bunduki. Lucius, kwenye lindo la pili, alimwangusha dume mdogo karibu kabisa, bila taabu. Milio ya mbwa ikaenda, ikarudi, ikapotea ng'ambo ya mfereji.

"Mkuu amelala?" sauti ya Lucius ikakwaruza kwenye redio. "Mgeni ataondoka na njaa leo!"

"Nyamaza, unafukuza nyama," Ozella akajibu. Lakini maneno yalimwingia. Alitaka daktari aone. Alitaka aone kazi ya lindo lile bovu.

Basi dume akatokea. Pembe pana, shingo nene, anatembea haraka bila kukimbia, mbwa bado wako mbali. Akasimama kando ya mti wenye kitambaa, akageuza kichwa kusikiliza. Kidole cha Ozella kilikuwa kimeshavuta wakati macho yake yakimwambia kwamba mti uko mbele ya kulungu, si nyuma yake, na kwamba yuko nje ya kitambaa. Bunduki ikalia. Dume akaruka mara moja kuelekea kwao, akapita mti, akaanguka ndani ya kitambaa, akatulia.

"Mungu wangu!" Daktari akasema. "Hata hakuteseka."

Watu wakaja mbio, vigelegele, wakampiga Ozella mgongoni. Lucius alimzunguka dume yule mara mbili. "Shemeji, leo nakuvulia kofia. Daktari, umeona? Karibu, safi, ndani ya mpaka!"

Ozella alitembea mpaka kwenye mti, akaupita, akainama. Juu ya majani ya msonobari palikuwa na nywele za kulungu na matone ya damu, umbali wa urefu wa kulungu mmoja kupita kitambaa. Hapakuwa na mwingine aliyefika kule. Upepo na mbwa wangemaliza ushahidi ndani ya saa moja.

Akaukokotoa mkataba kama anavyokokotoa gari. Akinyamaza, klabu inabaki. Lakini kila shati lililoko ukutani lingekuwa limekatwa na mwongo, na msimu ujao Lucius angepiga mbele kidogo, na mwingine mbele zaidi, mpaka jike mwingine afike bwawani na taya linaloning'inia.

"Leteni kisu," akasema.

"Cha kuchunia?"

"Cha shati."

Wakadhani anatania. Akawaita, akawaonyesha nywele. Lucius aliona, akamvuta mkono, akanong'ona kwa hasira, "Wee mwanamke una wazimu? Amekufa! Kaanguka ndani! Nani kakuuliza?"

"Lete kamba, shemeji."

Wakavuta kamba. Fundo liliishia kwenye mti. Nywele zilikuwa nje yake. Na kulungu alipopasuliwa, ilionekana goroli moja tu ndiyo iliyovunja shingo; nyingine zilikuwa zimekwenda zao.

"Hiyo ni bahati," Ozella akamwambia daktari. "Si bunduki wala si mimi. Nimepiga nje. Tumepatana mtu yeyote, na mimi ni mtu."

Ozella akaanza kuikunja kamba. 

"Kwa hiyo mnaondoka," Daktari akasema taratibu.

"Ukitaka hivyo, ndivyo tulivyopatana, sitabisha. Ila ukitaka biashara mpya, nina ofa. Huyu aliyevunja sharti, yaani mimi, hatabeba bunduki hapa msimu huu wala ujao. Atapika na kuongoza mbwa. Wengine wabaki na sharti lilelile. Na kamba hii utaishika wewe."

Daktari aliyatazama yale matone ya damu kwenye majani, akawatazama wanaume waliokuwa wakiangalia viatu vyao. "Nilikuja nikitarajia mtanificha kitu," akasema. Akanyoosha mkono, akapokea kamba. "Misimu miwili. Bila bunduki."

"Misimu miwili."

Lucius ndiye aliyekata. Alitaka kukata kidogo, kwa heshima ya marehemu kaka yake. Ozella akamwambia akate kama alivyokatwa yeye. Basi akakata kipande kipana cha cheki nyekundu, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Miaka yote hii nimeingoja siku hii, na sasa haina hata utamu."

Misimu miwili ikapita. Ozella aliongoza mbwa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na kulungu aliyejeruhiwa hakupotea hata mmoja. Pembe za dume yule ziko kwa Lucius, juu ya televisheni yake. Ozella hakuzitaka. Mgeni akiingia bandani, yeye humpeleka moja kwa moja mpaka ukutani, kwenye msumari ulio juu ya mingine yote, na kumwonyesha kile kitambaa chekundu.

"Hiki changu," husema, kidevu juu. "Nilikikatisha mwenyewe."