Niliinua Mkia wa Pikapu, Nikamvunja Shemeji Mgongo

Ndugu msomaji, mimi ni mwongo. Naanza hapo ili usije ukanionea huruma mapema. Nyumba yetu ni chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, na upande wa pili wa pazia amelala mtu ambaye kila nikimwona natamani ardhi ipasuke inimeze!

Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu. Alitoka kwao Magharibi akafikia kwetu Kibera, na mimi ndiye niliyempa kazi. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mawe ya kujengea, mchanga na simiti. Mimi naendesha, yeye anapakia na kupakua, na tukiwa njiani anakaa nyuma.

Sasa, pale Kawangware tulipokuwa tukingojea wateja, pikapu huchaguliwa kama ng'ombe mnadani. Mteja hamuulizi dereva kitu. Anazunguka nyuma anatazama mkia. Ukiwa umelala, anajua gari halina nguvu, anapita. Wangu ulikuwa umelala hata bila mzigo, na wenzangu walilicheka gari hilo bila kunipa nafasi ya kupumua.

"Buda, dinga yako imechuchumaa. Inatafuta choo?"

Aibu gani hiyo! Nikaenda kwa fundi. Akaniambia njia ni mbili. Aweke springi mpya za saizi ya pikapu, nami nibebe mzigo wa pikapu. Ama aongeze vyuma vya springi vilivyotolewa kwenye lori.

"Za lori zitainua," akasema, "lakini ikiwa tupu itarusha mtu. Springi ngumu haijui kubembeleza."

"Kwani mimi hulipwa nikiwa tupu?" nikamjibu. "Weka za lori!"

Nilijiona mjanja. Mkia ukasimama, wateja wakaja. Nikapakia mawe mpaka mbao za ubavuni zikalia, na mkia haukushuka. Hata askari wa barabarani walinipungia mkono nipite, maana gari halijainama. Tamaa ikanipanda kichwani. Nikang'oa na kiti cha abiria ili mifuko ya simiti ipate mahali pakavu.

Lakini tukirudi tupu, weh! Kila shimo, nyuma inaruka. Mimi kule mbele nilisikia kidogo tu. Shemeji ndiye aliyekuwa akila mateke.

"Shem, huku nyuma ni noma," aliniambia siku moja, amejishika kiuno. "Si turudishe zile springi za kawaida, hata kama tutabeba kidogo?"

Nikamcheka. "Wewe ni mwanaume ama ni yai? Shika vizuri!"

Akacheka na yeye, kwa heshima. Angefanya nini? Alikuwa anakula kwangu na kulala kwangu, na mtu hagombani na mume wa dada yake akiwa bado anashika kijiko chake.

Siku yenyewe tulikuwa tumeshusha mawe Sarang'ombe, kulekule Kibera, na mteja mwingine alikuwa akiningoja Kawangware. Nilikuwa na haraka. Karibu na kituo cha Olympic barabara ilikuwa imechimbika, na shemeji akagonga paa la gari. Kila dereva wa mizigo anajua maana yake. Ukigongewa paa, unapunguza mwendo.

Nilisikia. Mungu wangu, nilisikia! Akagonga tena. Nikasema moyoni, huyu naye amezidi kudeka, nikakanyaga mafuta. Gari likapiga tuta, mkia ukaruka, na kule kugonga kukakoma.

Nilimkuta amelala chali barabarani, macho wazi.

"Shem," akaniuliza, "miguu yangu iko wapi?"

Miguu yake ilikuwa palepale. Hakuisikia, na hajaisikia tena mpaka leo.

Watu wakajaa. Mama mmoja akauliza imekuwaje. Nikafungua huu mdomo wangu nikasema, "Alikuwa amelewa, akasimama." Amelewa! Kijana ambaye hata busaa ya matanga alikuwa haonji! Kijana aliyekuwa akipiga ngoma kanisani kila Jumapili!

Uongo huo nikaurudia hospitalini. Nikaurudia kwa mke wangu. Nikaurudia kwa baba mkwe, mzee aliyesafiri usiku kucha kwa basi kuja kumwona mwanawe, naye akainamisha kichwa kwa haya. Na kabla mtu hajalikagua gari, nikalipeleka kwa fundi akatoa vile vyuma vya lori. Alifungua nati bila kunitazama usoni.

Nilingoja shemeji anisute. Hakunisuta. Ajali ilikuwa imefuta siku ile yote kichwani mwake. Anachojua ni kile nilichomwambia mimi.

Wazee wa kanisa walipokuja nyumbani kumwombea, aliomba ainuliwe mto. Akalia mbele yao, akatubu ulevi. Ulevi ambao haukuwapo! Kisha akanigeukia mimi.

"Shem, nisamehe. Nilikuharibia kazi."

Na mimi, mbwa mimi, nikamshika mkono nikamwambia nimemsamehe. Mke wangu akanitazama kwa shukrani, akidhani ameolewa na mtu mwema.

Pikapu niliiuza, kwa sababu kila nilipoiwasha nilisikia mtu akigonga paa. Ngoma ya shemeji wamempa mwingine, na upepo ukivuma kutoka upande wa kanisa tunaisikia sote nyumbani, naye hugeukia ukutani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Si kweli! Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na aliyevunjika ni mwingine.

Wenye pikapu, nawasihi. Mkia ukiinama, gari linakuambia limeshiba, usiliongezee. Tia springi za gari lako, si za lori. Anayekaa nyuma akikuambia anaumia, mwamini, yeye ndiye anayejua. Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo, maana uongo ukilala ndani hautoki kwa urahisi. Mimi nimejaribu kuutoa kwa mdomo mara nyingi, ulimi unakufa.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Tangu shemeji awe wa kitandani, mke wangu humsomea gazeti hili, na ukurasa huu wa wasomaji kuungama ndio wanaoupenda. Huwasikitikia watu kama mimi.

Mke wangu, najua umenitambua zamani, tangu pale kwenye pazia, na sasa unatamani kuruka mistari. Usiruke hata neno. Msomee polepole asikie vizuri. Hakuwa amelewa. Alikuwa ameketi. Aligonga paa, na mimi nilisikia.