Dole Gumba Dakika ya Sabini na Moja

Kipa wetu alipangua penalti dakika ya themanini na tisa. Uwanja ukalipuka. Filimbi ya mwisho ilipolia, wenzake wakamrukia mpaka akapotea chini ya jezi.

Alipoibuka alinijia moja kwa moja, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Samahani kocha, mechi inaanza saa ngapi?"

Benchi zima likacheka.

Na mimi nikacheka.

Kicheko kile mpaka leo kimenikwama kooni.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliokota vipande vipande, kazi vilevile. Niliyodumu nayo ni moja tu: kocha msaidizi wa timu za wanawake vyuoni. Miaka kumi na tisa, vyuo sita.

Ukiitazama kwa karibu, kazi yenyewe ni kupanga koni, kujaza mipira upepo, kujua nani ana mtihani Ijumaa na nani kaachwa na mchumba. Mkishinda, anahojiwa kocha mkuu. Mkifungwa, unaulizwa wewe mazoezi yalikuwaje.

Msimu ule kocha mkuu alikuwa anaondoka. Mkuu wa michezo akanivuta pembeni kwenye korido.

"Mzee, mkiingia fainali, timu ni yako."

Miaka kumi na tisa nilikuwa naisubiri hiyo sentensi.

Sasa, kipa wetu tulimwita Sumaku. Beki wa kushoto alikuwa Wembe. Hao wawili chumba kimoja bwenini, kopo moja la mafuta ya nywele. Ukimgusa mmoja, umewagusa wote.

Nusu fainali, dakika ya sabini, tunaongoza moja bila. Kona ikapigwa. Sumaku akaruka, akaudaka, akatua kichwa kwenye nguzo ya goli.

Ule mlio niliusikia kutoka benchi.

Chuo kilikuwa kimenipeleka kozi ya siku mbili ya huduma ya kwanza, kwa hiyo mtu akigongwa kichwa, anayeingia ni mimi. Naweka goti chini, nauliza maswali matatu. Kipindi cha ngapi? Ngapi ngapi? Kafunga namba ngapi? Akijibu sawa nanyanyua dole gumba, refa anaendelea.

Kozini walituambia tubadilishe maswali kila mara. Mimi mvivu. Misimu minne maswali yale yale, mpangilio ule ule. Wasichana walikuwa wananiigiza bafuni.

Nikapiga goti.

"Sumaku, mwanangu. Kipindi cha ngapi?"

Macho yake hayakuniangalia. Yalipita juu ya bega langu.

"Cha pili."

"Ngapi ngapi?"

"Moja... bila."

"Kafunga namba ngapi?"

Akachelewa. Midomo ikatembea kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

"Tisa."

Nikageuka kutazama benchi. Kipa wa akiba alikaa pale kidole kimefungwa plasta, amevunjika tangu Jumanne. Kocha mkuu kafungua mikono: vipi?

Nikanyanyua dole gumba.

Mengine mmeshasikia. Penalti, shangwe, lile swali. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alijaribu kuvaa glavu mguuni. Akatapika. Akaanguka.

Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Wakampasua. Alipona, kama huko kunaitwa kupona. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakabaki machache.

Mama yake alinikuta kwenye benchi la hospitali.

"Baba, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Ilikuwaje?"

"Alijibu kila kitu sawasawa, mama."

Akanishika mikono yote miwili. "Asante kwa kumwangalia mwanangu."

Chuo kikaunda kamati. Kabla hatujaulizwa lolote, Wembe akasimama.

"Ni mimi. Nilisimama nyuma ya kocha, nikamwonyesha majibu kwa vidole. Alitaka sana kucheza. Sikujua kama ameumia hivyo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kocha, uliona?"

"Sikuona. Nilikuwa nimempa mgongo."

Wembe akafukuzwa timu, ufadhili ukafutwa, akaondoka na begi moja. Mimi nikapewa timu.

Nikadumu misimu miwili. Kila msichana akianguka, mkono ulikataa kupanda. Nikaacha. Nimelinda mageti, nimeuza viatu vya mitumba, nimeendesha lori la mchanga. Miaka kumi na moja hivyo.

Mwezi uliopita nikamtafuta Wembe, nikamkuta. Anashona sare za shule kwenye kibanda chenye cherehani mbili.

"Kocha! Umechakaa jamani, kama njumu za kuazima!"

Tukacheka kidogo. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia, ambacho hata nyinyi nimewaficha mpaka hapa.

Jua lilikuwa mgongoni mwetu siku ile. Kivuli cha Wembe kilinipita begani, kikalala kwenye nyasi kando ya Sumaku. Vidole viwili. Kidole na ngumi. Vidole tisa.

Niliviona vyote.

Wembe hakusimamisha cherehani.

"Najua, kocha."

"Unajua nini?"

"Uliinama ukaangalia kivuli. Halafu ukaangalia benchi. Halafu ndo ukanyanyua dole."

"Sasa mbona kwenye kamati hukusema?"

"Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani wewe mtu mzima utasema mwenyewe. Nikasubiri. Ukawa unaangalia viatu vyako."

Akakata uzi kwa meno.

"Kwa mama Sumaku umeshakwenda?"

"Bado."

"Kwangu umefuata nini? Mimi si nilikuwa najua."

Nimekwenda jana. Mama amezeeka. Sumaku alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, moja moja.

Nikamweleza mama yote, mpaka mwisho. Hakulia, hakunitukana.

Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya binti yake.

"Kaa hapa. Anza upya. Umwambie yeye."

Nikaanza upya.

Wewe unayesoma hapa na kuna watu wanangoja kauli yako ili waendelee: uongo unaoletewa na mwingine huku unajua ni uongo, ukiupokea ni wako. Usimwachie binti wa miaka ishirini aubebe.