Haijafika, Najaribu Tena

Watu wakisikia kwamba ofisini kwetu bado tunatumia faksi hucheka, nami huwaacha wacheke. Tunauza vifaa vya hospitali. Wateja wetu wanataka oda yenye saini na muhuri, wamezoea hivyo tangu zamani, na hawataki kuambiwa habari nyingine. Ofisi iko Morogoro mjini, ghorofani, na dirisha langu linatazama Uluguru, ambako mawingu hukaa toka asubuhi na kumharibia mtu siku kabla hajaianza.

Hapo awali kulikuwa na mashine moja tu, koridoni. Ukitaka kutuma, unapanga foleni na karatasi yako mkononi. Ikiingia ya kwako, mwingine keshaisoma. Mume wangu ndiye aliyetuondolea adha hiyo. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni, akaweka programu ya faksi kwenye kompyuta kuu. Tangu hapo kila mtu akawa anatuma akiwa mezani kwake, kila idara ikapata namba yake, na kila kilichoingia kikawa kinakwenda chenyewe kwa mhusika, nakala ikihifadhiwa. Namba ya mbali ikiwa bize, programu inasubiri kidogo kisha inapiga tena, bila mtu kusimama kuilinda.

Ukurasa wa mbele aliutengeneza kwa Kiswahili, na penye neno "Kutoka" aliweka jina lake, ili mteja akikwama ajue wa kumuuliza. Hata taarifa fupi zinazotokea kwenye skrini alizibadilisha. Ikienda vizuri, inaandika "Imefika." Isipokwenda, inaandika "Haijafika, najaribu tena." Tulimtania sana kwa hilo la "najaribu", kana kwamba yeye mwenyewe yumo mle ndani anahangaika na simu. Alisema mashine isiyoongea kama mtu haifai kukaa na watu.

Alifariki mwanzoni mwa masika, kwa ugonjwa ambao haukutupa hata nafasi ya kuuzoea. Tulimpeleka kwao Matombo. Tulipopita Mkuyuni gari lilikwama matopeni, tukashuka wote, tukasimama kwenye mvua na jeneza likiwa ndani. Kaburini walikwenda wanaume. Mimi nilibaki nyumbani kwa mama mkwe pamoja na wanawake wenzangu, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna nililomfanyia kwa mikono yangu, na hilo lilinikaa kooni muda wote wa eda.

Niliporudi kazini, wale waliokuwa wakiniita shemeji walikuwa sasa wananiita dada. Waliongea nami polepole, utadhani mimi ndiye mgonjwa. Nikakuta pia kwamba kila faksi iliyotoka ofisini nilipokaa eda ilikuwa na jina lake. Hakuna aliyeligusa. Wateja walikuwa wakimjibu yeye, wakimpa salamu, wakimuuliza mzigo utafika lini. Sitaficha, nilifurahi. Kwa mji mzima alikuwa marehemu, isipokuwa kwenye ukurasa ule.

Furaha hiyo haikudumu. Meneja, mtu wa makamo aliyehamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, aliniita ofisini kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa." Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za wakwe, mpaka nikajua kuna jambo. "Ni kuhusu lile jina, mama. Haipendezi watu waendelee kumwandikia marehemu. Nimempata mtaalamu Dar, atakuja Ijumaa kulifuta."

"Hapana," nikasema. "Nenosiri alinipa mimi. Nitalifuta mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma, akidhani nataka kulia. Nilikuwa na hasira. Mgeni aje na begi lake, aguse pale, kisha aombe soda? Kama ni kumwondoa, basi hilo angalau lingekuwa la mikono yangu.

Pale penye "Kutoka" nilikusudia kupaacha patupu. Programu ikakataa. Ilidai kwamba lazima awepo mtumaji. Nikajaribu mara nyingine, ikakataa vilevile. Mwishowe nikaandika jina langu, ikalikubali papo hapo, na kukubali kwake kulinichoma kuliko kukataa.

Siku chache baadaye iliingia oda kutoka stoo ya hospitali moja ya Dar. Karani wa kule alikuwa mtani wa mume wangu. Hawakuwahi kuonana, lakini chini ya kila oda walikuwa wakitupiana maneno, na yale makali zaidi mume wangu aliyaleta nyumbani kunichekesha. Safari hii karani alikuwa ameandika kwa mkono: "Wewe Mluguru, mbona naona jina la mwanamke? Umejificha wapi? Au umekufa, tuje kula ubwabwa?"

Watani wana ruhusa yao. Hata msibani huruhusiwa kumcheka marehemu, na kule Matombo walifanya hivyo, nikawatazama tu bila kuwasikia. Tofauti ni kwamba huyu hakujua kuwa anasema kweli.

Kumpigia simu sikuweza. Nikaandika: "Mtani, ni kweli. Amefariki. Mimi ni mke wake." Neno "amefariki" nilikuwa sijawahi kuliandika, wala kulitamka. Walilisema wengine. Mimi, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba hayupo. Nikabonyeza kutuma upesi, yaishe.

Namba ya Dar ilikuwa bize. Kwenye skrini yakatokea yale maneno ambayo sikukumbuka kuyafuta: Haijafika, najaribu tena.

Nililia palepale mezani, mbele ya watu wote, bila kujifunika uso. Kisha nikakaa kuitazama skrini, nikimwomba Mungu simu ya kule iendelee kuwa bize.