Maiti Haipitwi

Kuna watu wakishika usukani huona kila gari lililo mbele yao ni tusi. Mimi simo. Silipiti gari mpaka nitazame vioo, niwashe indiketa, niione lami mpaka inapoishia, kisha nipige bismillahi. Wanangu husema ningekuwa dereva wa basi, abiria wangezeekea njiani.

Siku hiyo lakini nilikuwa na haraka. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anaolewa Ruangwa, na walii wake ni mimi. Shehe alikwishatuonya: baada ya adhuhuri ana ndoa nyingine kijiji cha mbali, hasubiri mtu. Bila walii hakuna ndoa, na mtoto yule nampenda kama wa kumzaa. Niliazima gari la jirani, tukatoka Nachingwea tumechelewa, kwa sababu shangazi yangu alibadili kanga, akabadili tena, kisha akairudia ile ya kwanza.

Nje kidogo ya mji tukalikuta lori limewasha taa za hazadi, zinapepesa pande zote mbili, linatambaa. Nyuma wamekaa wanaume wa kanzu na kofia, kimya, wameshikilia kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe. Barabara imenyooka, mbele hakuna hata bodaboda. Nikatazama kioo, nikawasha indiketa ya kulia.

Shangazi akanidaka mkono. "We! Huoni jeneza hilo? Maiti haipitwi, baba. Unataka kumtia mtoto wa watu mkosi siku ya ndoa yake?"

Nikazima indiketa, nikawasha hazadi na mimi, kwa heshima. Tukasindikiza. Baiskeli yenye gunia la muhogo ikatupita sote, shangazi akamlaani mwenyewe na baiskeli yake. Kisha akaanza kumlilia marehemu asiyemjua. Mimi nami nilikaribia kulia, ila yangu ilikuwa hasira.

Mbele kidogo kundi la ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa likakata barabara, lori likasimama. Shangazi akajitanda kanga, akashuka kwenda kutoa pole. Nikamfuata.

"Poleni na msiba, wanangu."

Wakatazamana. "Msiba gani, bibi?"

Mmoja akafunua shuka. Ilikuwa dresingitebo yenye kioo kirefu, ndiyo maana walikwenda polepole. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka bwana harusi wetu mwenyewe, jasho linamtoka.

"Shikamoo, baba. Kumbe ni nyie! Tumewaona na hazadi, hampiti, tukadhani mna maiti. Wazee wakasema tusiwakimbie, si adabu."

"Marahaba," nikasema.

Shangazi alifuta machozi, akapanda garini. "Sasa unangoja nini? Lipite!"

Ng'ombe walipokwisha, nikatazama vioo, nikawasha indiketa, nikangoja bodaboda iliyokuwa ikija, huku shangazi akigonga dashibodi. Nikalipita, nikakanyaga mafuta mpaka Ruangwa.

Shehe tulimkuta mlangoni, keshavaa viatu.

"Walii huyu hapa!" shangazi akapiga kelele kutoka dirishani.

"Alhamdulillahi," shehe akasema, akavua kiatu kimoja. Akatazama nyuma yetu, barabara tupu. "Na bwana harusi?"

"Yuko njiani," nikasema. "Tumempita."